Forza Horizon 5 na The Crew Motorfest: Upi wa Kununua Ikiwa Utauacha Miezi Kadhaa na Kuurudia

Mchezo wa video wa mbio za magari huhukumiwa wiki ileile unapotoka, wakati seva, yaani kompyuta za kampuni zinazowaunganisha wachezaji, zimefurika watu na kila kona ya ramani bado ni ngeni machoni. Wengi wetu hatuchezi kwa namna hiyo. Hapa Mwanza mtu hununua mchezo, akaucheza kwa bidii wiki tatu au nne, kisha bando likaisha, au kazi ikampeleka Geita kwa miezi minne, au luninga ikahamia kwa dada aliyeanza maisha yake Buhongwa. Mchezo ukabaki kwenye mashine ukimngoja mwenyewe. Kwa mtu wa aina hii, uzuri wa siku ya kwanza una thamani ndogo kuliko mapokezi ya siku ya kurudi: je, ukiwasha baada ya nusu mwaka, utaendelea ulipoishia, au utajikuta mgeni katika nyumba uliyoinunua mwenyewe?

Nimelifanya jaribio hilo bila kulikusudia. The Crew Motorfest niliununua muda mfupi baada ya kutolewa tarehe 14 Septemba 2023, nikauacha kabla ya Krismasi, nikaurudia mwaka mmoja na zaidi baadaye. Forza Horizon 5, uliotolewa tarehe 9 Novemba 2021, niliununua kwa bei ya punguzo ukiwa umekwisha kupoa, na tangu hapo nimeuacha na kuurudia mara mbili. Yote miwili nimeicheza kwenye kompyuta mpakato, na Motorfest nimeucheza pia kwenye PS4 (mashine ya michezo ya PlayStation 4) ya mdogo wangu anayeishi Nyegezi. Ni michezo ya ulimwengu wazi, yaani hufungiwi kwenye uwanja wa mashindano bali unapewa nchi nzima ya kuzurura, ukichagua mwenyewe uingie kwenye mbio ipi na lini.

Mashine uliyonayo

Kabla ya kulinganisha barabara na magari, liko jambo moja linalowaamulia watu wengi wa hapa. Forza Horizon 5 haukuwahi kutengenezwa kwa PS4. Ulianza kwenye Xbox One, Xbox Series X na S, pamoja na kompyuta za Windows, na ilipofika tarehe 29 Aprili 2025 ukaingia PS5. Motorfest ulitoka kwa PS4, PS5, Xbox za vizazi vyote viwili na kompyuta siku ileile. Vibanda vya gemu nilivyowahi kuingia, kuanzia Mabatini hadi Igoma, karibu vyote vinaendeshwa kwa PS4, na majumbani hali haitofautiani sana. Mwenye PS4 ambaye hana mpango wa kubadilisha mashine hana haja ya kuumiza kichwa: kati ya hii miwili, wake ni Motorfest.

Mwenye PS5 anakutana na kikwazo kingine. Forza Horizon 5 kwa PS5 uliuzwa kwa kupakuliwa tu, bila diski, na unadai uwe na akaunti ya Microsoft juu ya ile ya PlayStation. Motorfest una diski. Tofauti hii huonekana ndogo kwa watu wa nchi ambazo mtandao wa nyumbani hauna kikomo, lakini kwetu diski ni mali inayoweza kuuzwa, kubadilishwa na ya jirani, au kuwekwa rehani kwa rafiki mpaka mwisho wa mwezi. Mchezo wa kupakua hauuziki tena, na ukiufuta ili kupata nafasi, kuurudisha ni bando upya.

Kwa upande wa kompyuta, Forza Horizon 5 unataka nafasi ya GB 110 kwenye diski, kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 8, na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 970 au zaidi. Masharti hayo si makali kwa mchezo wa uzuri huo, na kompyuta yangu, ambayo mwenye duka aliniuzia akiapa kwamba imetumika ofisini tu, imeumudu bila kugeuka jiko. Kinachouma ni ule upakuaji. Mimi niliupakua usiku kucha kwa siku nne, nikitumia mtandao wa binamu yangu wa Pasiansi anayelipia kwa mwezi, na kila asubuhi nilikagua asilimia kama mvuvi anayekagua nyavu. Motorfest ni mwepesi zaidi, ingawa umekuwa ukinenepa kila msimu mpya unapoongezwa.

Kurudi Mexico

Forza Horizon 5 umetengenezwa na Playground Games ya Uingereza, na nchi yake ni Mexico iliyofinywa ikaingia katika ramani moja: mji wa Guanajuato wenye nyumba za rangi na mahandaki ya barabarani, magofu ya Teotihuacan, pwani, jangwa, msitu mzito, na mlima wa volkano ambao barabara yake huanza kwenye joto na kuishia kwenye theluji. Siku ya kwanza nilipoucheza nilipanda mlima ule mara tatu mfululizo bila kushindana na mtu. Ulipotoka ulikuwa na magari zaidi ya 500, na hesabu hiyo imeendelea kukua tangu hapo.

Kasoro ya wakati wa kutoka ilikuwa katika kuunganishwa na wachezaji wengine. Miezi ya mwanzo watu walilalamika kwamba mbio za pamoja zinakatika na wenzao hawaonekani kwenye ramani. Aliyeununua baadaye, kama mimi, hakuyaona mengi ya hayo, na hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuchelewa: unalipa kidogo na unapata kitu kilichokwisha kunyooshwa.

Niliporudi mara ya kwanza, baada ya miezi mitano hivi, nilikutana na tatizo ambalo sikulitarajia. Mchezo huu ni mkarimu kupita kiasi. Kila ukipanda daraja unazungusha gurudumu la bahati, na gurudumu huweza kukupa gari; ukimaliza baadhi ya mashindano unapewa gari. Nilikuwa nimeacha gereji yenye magari zaidi ya mia moja, na niliporudi sikukumbuka lipi nililirekebisha kwa ajili ya vumbi na lipi kwa ajili ya lami, wala kwa nini nilikuwa na Porsche tatu zinazofanana. Ilinichukua jioni nzima kupanga gereji kama mtu anayepanga stoo ya marehemu.

Tatizo la pili ni ratiba ya tamasha la magari ambalo mchezo wote umejengwa juu yake. Mchezo una misimu minne inayobadilishana kila wiki, na kila wiki kuna mashindano ambayo zawadi zake ni magari ya pekee. Usipokuwepo wiki hiyo, gari limekupita; utalisubiri lirudishwe siku nyingine au ulitafute kwenye mnada wa wachezaji, ambako bei ya vitu adimu ni ya kukomoa. Mtu anayependa kukusanya magari yote ataumia. Mimi sikuumia sana, kwa sababu Toyota Supra yangu ilikuwa palepale nilipoiegesha, pamoja na Land Cruiser ya zamani ya FJ40 ambayo ndiyo niliyokuwa nimeifuata, maana gari hilo hilo, la rangi ya ugoro, ndilo lililokuwa likitupeleka shambani Magu tukiwa watoto.

Safari ya pili ya kurudi ilikuwa nzuri zaidi. Aprili 2025, mchezo ulipoingia PS5, ulitolewa nyongeza ya bure iitwayo Horizon Realms, inayowarudishia wachezaji maeneo maalumu yaliyowahi kujengwa kwa ajili ya misimu iliyopita na kisha kuondolewa. Kwa kauli nyingine, watengenezaji waliwakumbuka watu waliokosekana. Zipo pia nyongeza mbili za kulipia, Hot Wheels ya Julai 2022 na Rally Adventure ya Machi 2023. Ya kwanza ni njia za plastiki zinazoning'inia mawinguni, na watoto wa nyumbani hawaioni kuwa ghali hata kidogo, kwa kuwa hawalipi wao. Ya pili ni mbio za barabara za vumbi zenye msaidizi anayekusomea kona, na kama utanunua moja tu, nunua hiyo.

Kurudi Hawaii

The Crew Motorfest ni kazi ya Ivory Tower, studio ya Ubisoft iliyoko Lyon, Ufaransa. Nchi yake ni kisiwa cha Oahu huko Hawaii, na tangu Novemba 2024 kimeongezwa kisiwa cha pili, Maui. Oahu halisi ni kikubwa karibu mara tatu ya Ukerewe yetu. Cha kwenye mchezo kimepunguzwa, lakini bado kina Honolulu, fukwe, mashamba, milima ya kijani kibichi na barabara za udongo mwekundu ambazo mtu wa Kanda ya Ziwa atazitambua mara moja. Magari yanazidi 600, na si magari peke yake: kwa kubonyeza kitufe unageuka ndege ukiwa angani au boti ukiwa majini. Mdogo wangu alitumia wiki nzima ya kwanza katika boti, akizunguka kisiwa bila kushiriki mbio yoyote, nami nikamwacha; aliyezaliwa karibu na mwalo hakemewi kwa kupenda maji.

Mpangilio wa Motorfest ndio uliomfaa zaidi mtu anayerudi baada ya kupotea. Mbio zake zimegawanywa katika mafungu, na kila fungu lina mada yake na msimulizi wake: moja ni la magari ya Kijapani usiku wa mvua na taa za rangi, jingine ni la magari ya Kimarekani yenye injini kubwa, jingine ni la Lamborghini, na lipo la magari ya kale ambalo linakunyima mstari wa kukuongoza, ukalazimika kusoma vibao vya barabarani kama dereva wa zamani. Fungu moja linamalizika kwa jioni moja au mbili, na mara nyingi unaazimwa gari la kulichezea. Niliporudi baada ya mwaka na ushee sikuhitaji kukumbuka chochote. Nilichagua fungu ambalo sikuwahi kulifungua, nikapewa gari, nikaendesha. Hakukuwa na stoo ya kupanga.

Kwa hiyo, kama kigezo kingekuwa muundo wa mchezo peke yake, Motorfest ungeshinda hapa, na mimi nisingesita kusema hivyo. Hata hivyo, ukurasa wake wa kuingilia unachosha. Kabla hujaligusa gari unapitia matangazo ya msimu, ya pasi ya mwaka, ya magari ya kununua kwa fedha halisi, na ya mashindano ya wiki. Ni kama kupita soko la Mlango Mmoja saa kumi na moja jioni, kila mtu anakuita mteja. Maui chenyewe hakilipiwi, lakini si kila shughuli iliyoko kule ni ya bure, na mtu aliyenunua mchezo mzima ana haki ya kukunja uso.

Juu ya uendeshaji wenyewe sitakaa sana, kwa sababu ni suala la mikono ya mtu. Gari la Forza lina uzito unaousikia: Subaru na Ford ya magurudumu ya nyuma haziingii kona kwa namna moja, na ukitoka kwenye lami kuingia kwenye mchanga, pedi inakuambia. Motorfest ni wa furaha ya haraka zaidi. Una naitro ya kukusukuma, na makosa mengi husamehewa. Yote miwili inaruhusu kurudisha muda nyuma sekunde chache unapogonga, rehema ambayo madereva wa Hiace za Kisesa hawana. Forza unaongeza jambo ambalo sijaliona kwingine likifanywa vizuri hivyo: katika mbio za peke yako unaweza kupunguza kasi ya mchezo mzima, ili mtoto, au mtu asiye na wepesi wa vidole, aweze kucheza bila kudhalilika. Mwaka 2021 mchezo huo ulipewa tuzo ya ubunifu katika kuwafikia watu wenye ulemavu kwenye The Game Awards, na kwa haki kabisa. Mama yangu mkubwa, aliyekuwa hajawahi kushika pedi, alimaliza mbio yake ya kwanza kwa njia hiyo akiwa wa tisa kati ya kumi na wawili, na hadi leo anataja nafasi hiyo kanisani.

Mtandao unapokatika

Hapa ndipo ulinganisho unapogeuka, na ndipo ninapomwomba msomaji apunguze mwendo.

Motorfest hauchezeki bila mtandao, hata ukiwa peke yako, hata kama una diski mkononi. Forza Horizon 5 kwenye kompyuta unachezeka bila mtandao ukiwa katika mbio za peke yako. Unachopoteza ni wachezaji wengine, mnada na zawadi za wiki. Katika nyumba yenye mtandao usiokatika, tofauti hii haionekani. Katika nyumba yangu, Mkuyuni, inaonekana mara mbili au tatu kwa wiki, kwa sababu ambayo sikuifikiria kabla: umeme ukikatika, kompyuta mpakato inaendelea kwa betri, lakini kifaa cha kugawa mtandao kinazimika papo hapo. Mara ngapi nimekuwa kwenye kona ya mwisho ya Motorfest, wa kwanza, luninga ya jirani ikanyamaza, taa zikafa, na mchezo ukanitupa nje ingawa skrini yangu bado ilikuwa inawaka! Kwa Forza nilimaliza mbio gizani, nikatafuta mshumaa baadaye. Ukiwa na PS4 au PS5 hoja hiyo ya betri haikuhusu, kwa kuwa vyote vinazimika pamoja, lakini hoja ya bando bado inakuhusu: kila unapowasha Motorfest baada ya miezi mingi, lazima kwanza upakue masasisho yote yaliyokusanyika, ndipo uruhusiwe kuingia. Niliporudi, siku yangu ya kwanza nzima ilikwenda kwenye upakuaji huo, na bando la wiki nililoliona la kutosha liliisha kabla sijakanyaga mafuta.

Liko pia suala la uhai wa mchezo, na mtu anayepanga kurudi baada ya miaka anapaswa kulijua. The Crew wa kwanza, mtangulizi wa Motorfest uliotoka mwaka 2014, nao ulitegemea seva wakati wote. Ubisoft iliuondoa sokoni Desemba 2023, na tarehe 31 Machi 2024 seva zake zikazimwa. Tangu siku hiyo diski za mchezo huo za PS4 na Xbox, hata zilizo mpya ndani ya nailoni, hazichezi chochote. Tukio hilo ndilo lililozaa kampeni ya kudai kwamba michezo iliyonunuliwa isiuawe, kampeni iliyoanzishwa na Ross Scott, mtengeneza video wa YouTube, na ambayo katika Umoja wa Ulaya ilikusanya saini zaidi ya milioni moja mwaka 2025. Ubisoft nayo, Septemba 2024, ilitangaza kwamba The Crew 2 na Motorfest zitawekewa njia ya kuchezwa bila mtandao. Ahadi hiyo ninaihesabu upande wa faida, lakini mimi hununua kilichopo mezani, na siku nilipolipa fedha zangu kilichokuwepo mezani ni mchezo wa seva.

Forza una kifo cha namna nyingine, kilicho cha upole zaidi. Leseni za magari na muziki zina muda, na zikiisha, mchezo huondolewa dukani. Forza Horizon 4, uliotoka mwaka 2018, uliacha kuuzwa tarehe 15 Desemba 2024. Waliokwisha kuununua waliendelea kuucheza na wanaweza kuupakua tena. Waliochelewa walibaki kutazama video za wenzao. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba Forza Horizon 6 utafanyika Japani na kutoka mwaka 2026, na mwenye kuifuatilia michezo hii anajua kwamba toleo jipya halimwondolei mtu toleo la zamani alilokwisha kulilipia. Kwa hiyo anayeutaka wa tano asisubiri miaka, lakini pia asikimbilie bei kamili, kwa kuwa punguzo hupita kila baada ya muda mfupi.

Japani inanikumbusha jambo dogo. Mexico na Hawaii magari hupita kulia. Sisi tunapita kushoto, na mtu aliyezoea kutoka Capri Point kuelekea mjini akiwa kushoto kwake atajikuta, katika michezo yote miwili, akikutana uso kwa uso na lori katika dakika za mwanzo. Wanaojifunza udereva wasiichukue kama mafunzo. Mdogo wangu alipovuka kwa mara ya kwanza daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, aliniambia kwamba mkono wake ulikuwa ukitafuta kitufe cha naitro. Alikuwa abiria, namshukuru Mungu.

Miwili mingine inayotajwa

Watu huniuliza kuhusu Need for Speed Unbound na Test Drive Unlimited Solar Crown, nami nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa yote miwili haipo kwa PS4.

Unbound ulitengenezwa na studio ya Criterion na kutoka tarehe 2 Desemba 2022. Mji wake wa kubuni, Lakeshore, umeigwa kutoka Chicago, nao ni mji wa kando ya ziwa kama wetu, ingawa hauna sato. Una kitu ambacho miwili ya juu haina: hofu. Usiku unashinda fedha, polisi wanakufukuza, na wakikukamata kabla hujafika gereji fedha zote za usiku ule zinakwenda. Nafasi za kurudia mbio zina kikomo kulingana na ugumu uliouchagua. Niliupenda, na masasisho ya bure yaliyofuata yaliujaza vizuri, kisha mwanzoni mwa 2025 Criterion ikaelekezwa kwenye Battlefield, mfululizo wa michezo ya vita, na Unbound ukabaki ulivyo. Kwa mtu anayerudi, hilo si baya sana, maana hakuna wiki inayomkimbia. Ila ulipotoka, Toyota haikuwamo kabisa, na kwa mkazi wa jiji ambalo karibu kila gari linalosimama kwenye taa za Buzuruga ni Toyota, hilo ni pengo la ajabu.

Solar Crown ulitoka tarehe 12 Septemba 2024, na kisiwa chake ni Hong Kong, ambako magari hupita kushoto kama kwetu. Barabara zake nyembamba za milimani ni nzuri mno. Kwa bahati mbaya nao unadai mtandao wakati wote, na seva zake zilisumbua sana siku za mwanzo. Sijaiona sababu ya kuuchagua mbele ya Motorfest, ambao una udhaifu uleule na mambo mengi zaidi ya kufanya.

Uamuzi kwa kila mtu

Mwenye kompyuta inayotosha, anayeishi mahali umeme unapokatika na anayelipia bando kwa siku, achukue Forza Horizon 5, akaupakue kwa mtu mwenye mtandao wa mwezi, kisha arudi nao nyumbani. Usumbufu wa gereji iliyojaa ni wa jioni moja. Baada ya hapo mchezo ni wake. Mwenye PS5 na mtandao wa kuaminika anaweza kuchagua kwa moyo wake: Forza kwa uendeshaji na mandhari, Motorfest kwa boti, ndege, mafungu mafupi na diski inayouzika. Mwenye PS4 anunue Motorfest, na akinunua diski iliyotumika aombe ijaribiwe palepale ikiwa imeunganishwa na mtandao, asiridhike na picha ya mwanzo inayojitokeza, kwa kuwa picha hiyo hutokea hata kabla seva haijaulizwa. Mdogo wangu aliipata yake kwa njia hiyo, na wiki za masasisho makubwa huibeba mashine yake begani hadi Pasiansi kwa binamu, akaacha inapakua usiku na kuifuata asubuhi kabla ya kazi.

Mwenye kibanda mmoja wa Igoma aliniuliza ipi kati ya hii anunue kwa ajili ya wateja wake. Nilimwambia asinunue wowote. Hakuna hata mmoja kati ya minne unaogawa luninga watu wawili wacheze pamoja, na biashara yake yote ni watu wawili kwenye benchi moja wakishindana na kulipa kwa mechi. Alinisikiliza, akanunua Motorfest hata hivyo, akauweka kwenye luninga ya pembeni ambayo wateja walikuwa hawaitaki kwa kuwa ina mstari mweusi katikati. Sasa watoto wanapanga foleni pale wakisubiri zamu ya boti, na analipisha kwa dakika kumi.